Kuchanganya si Kuficha: Historia ya Kanuni za Heshi za Namba Kamili na Urejeshaji Wake, 1953–2014

1.0 Utangulizi

Mtunza masjala aliyekabidhiwa majalada 10,000 na makabati yenye droo 100 anaweza kuyapanga kwa njia mbili. Anaweza kuyafuatanisha kwa namba zake, na kila liingiapo jalada jipya akalazimika kuyasogeza mengine. Anaweza pia kujiwekea kanuni kwamba kila jalada litaingia katika droo inayotajwa na tarakimu mbili za mwisho za namba yake. Kwa njia ya pili hana haja ya kutafuta, kwani namba ya jalada yenyewe humwambia pa kufungua. Kanuni ya heshi ya namba kamili ni utaratibu wa jamii hiyo. Huipokea namba, huifanyia hesabu, kisha hutoa namba nyingine inayotumika kama anwani ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

Ugumu huanza pale ambapo namba zenyewe hazikusambaa sawasawa. Ikiwa idara moja imeyapa majalada yake yote namba zinazoishia na 00, droo moja itafurika na nyingine zitabaki tupu. Kwa sababu hiyo wabunifu walilazimika kuzichanganya namba kabla ya kuzigawa, na uchanganyaji huo ulipozidi kuboreshwa, matokeo yake yalizidi kuonekana kama namba zilizookotwa kwa bahati nasibu. Hapo likazuka swali ambalo makala hii inalichunguza: je, aliye na tokeo anaweza kuirudia namba ya awali?

Watumiaji wengi wa kompyuta hujibu kwamba haiwezekani. Hoja kuu ya makala hii ni kwamba historia inasema vingine. Katika tawi la kanuni za heshi za namba kamili, uwezo wa kurejesha ulikuwa sifa iliyotafutwa kwa makusudi, nao ulihesabiwa kuwa alama ya kanuni njema. Madhara yalitokea pale watu walipoichukua kazi ya kuchanganya wakaidhania kuwa kazi ya kuficha.

2.0 Chimbuko: Kugawa na Kupoteza, 1953–1968

Wazo la heshi linahusishwa kwanza na Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Kabla ya kuingia katika kompyuta, Luhn alikuwa mtu wa sekta ya nguo, na miongoni mwa alivyobuni ni kifaa cha kuhesabia nyuzi za kitambaa. Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa kampuni akipendekeza taarifa zigawanywe katika mafungu, na zile zinazoangukia fungu moja ziunganishwe kwa mnyororo. Mwaka 1954 Gene Amdahl, Elaine McGraw, Arthur Samuel na Nathaniel Rochester, wote wa IBM, walitumia ufumbuzi mwingine katika programu waliyoiandaa kwa ajili ya kompyuta ya IBM 701: kitu kikikuta nafasi yake imekwisha kushikwa, kisogezwe hadi nafasi tupu inayofuata. Katika Umoja wa Kisovieti, Andrey Ershov alilifikia wazo hilohilo kwa njia yake mwenyewe, akalichapisha mwaka 1958.

Swali la hesabu ipi itumike lilipata jibu la kudumu kutoka kwa Arnold Dumey mwaka 1956. Yeye alipendekeza namba igawanywe kwa namba tasa, na baki ndilo liwe anwani. Tuchukue droo 101. Namba 1953 ikigawanywa kwa 101 hubakiza 34. Namba 2054 nayo hubakiza 34. Tukio hili la namba mbili kuangukia anwani moja huitwa mgongano. Tunaona pia kwamba anayeijua 34 peke yake hawezi kusema kama ilitokana na 1953, na 2054, au na namba nyingine yoyote kati ya nyingi zinazobakiza kiasi hicho. Sehemu ya taarifa imepotea.

Upotevu huo haukumsumbua mtu yeyote katika miaka hiyo. Namba ya awali ilihifadhiwa kikamilifu ndani ya droo pamoja na taarifa zake, hivyo hapakuwa na haja ya kuirudia kupitia anwani. Neno lenyewe, ambalo katika Kiingereza cha jikoni humaanisha nyama iliyokatwakatwa na kuchanganywa, lilikuwa la mazungumzo tu miongoni mwa watayarishaji programu; makala ya Robert Morris ya mwaka 1968 ilichangia sana kulieneza katika maandishi ya kitaaluma. Jina hilo la jikoni lilikuja kuacha athari, kwa kuwa nyama iliyokatwakatwa hairudi kuwa nyama nzima. Kanuni zilizofuata zilirudi.

3.0 Kuzidisha Bila Kupoteza

Mwaka 1973 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha juzuu ya tatu ya kitabu chake The Art of Computer Programming. Humo alieleza kwa kina, sambamba na njia ya kugawa, njia ya kuzidisha. Namba huzidishwa kwa kizidisho kisichobadilika, na sehemu ya jibu inayovuka upana wa kumbukumbu hukatwa. Kwa kompyuta yenye maneno ya biti 32, hesabu yote hufanyika ndani ya namba 4,294,967,296, kuanzia 0.

Kizidisho kilichopata umaarufu kinatokana na uwiano wa dhahabu, ambao tangu kale umejulikana kwa wanajiometri. Tukizidisha 0.6180339887 kwa 4,294,967,296 na kuacha desimali, tunapata 2,654,435,769. Uteuzi huu una sababu ya kihisabati. Namba zinazofuatana, yaani 1, 2, 3 na kuendelea, zikizidishwa kwa kizidisho hicho, kila mpya hutua ndani ya mojawapo ya mapengo makubwa zaidi yaliyoachwa na zile zilizotangulia. Kwa hiyo hata majalada yaliyopewa namba mfululizo husambaa katika kabati zima.

Jambo la pili halikuhitajika kwa usambazaji, lakini ndilo lililobeba historia iliyofuata. Kizidisho hicho ni namba witiri. Kuzidisha kwa namba witiri ndani ya mfumo wa namba mbili hakupotezi chochote: kila namba hupata jibu lake la pekee, wala hakuna mbili zinazogongana. Hasara hutokea baadaye tu, jibu linapopunguzwa ili lilingane na idadi ya droo.

4.0 Namna Namba Inavyorejeshwa

Ili msomaji asiyezoea mfumo wa namba mbili aone kwa nini ni hivyo, tutumie tarakimu mbili za kawaida. Tuseme kanuni yetu ni: zidisha kwa 37, kisha bakiza tarakimu mbili za mwisho. Namba 58 ikizidishwa kwa 37 hutoa 2146, nasi tunabaki na 46. Kwa macho, 46 haisemi lolote kuhusu 58. Lakini ipo namba 73 yenye sifa ya pekee: 37 mara 73 ni 2701, na tarakimu zake mbili za mwisho ni 01. Kwa hiyo kuzidisha kwa 73 hutengua kuzidisha kwa 37. Tukichukua 46 na kuizidisha kwa 73 tunapata 3358, na tarakimu mbili za mwisho ni 58, namba tuliyoanza nayo.

Kama kizidisho kingekuwa 40, mambo yangekuwa mengine. Namba 5 na namba 10 zote zingetoa 00, na hakuna hesabu ambayo ingezitenganisha tena. Tofauti ni kwamba 40 na 100 zina vigawo vya pamoja, ilhali 37 na 100 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Katika mfumo wa namba mbili, ambamo kila kitu kimejengwa juu ya 2, sharti hilo linakuwa jepesi mno: kizidisho kiwe witiri, basi.

Kinyume cha kizidisho hupatikana kwa utaratibu wa kale wa Euclid wa kutafuta kigawo kikubwa cha pamoja, au kwa njia ya kukadiria na kusahihisha inayotokana na Newton, ambayo kila hatua yake hurudufu idadi ya biti zilizo sahihi. Kwa kizidisho cha uwiano wa dhahabu, 2,654,435,769, kinyume chake katika biti 32 ni 340,573,321. Yeyote anayeijua namba hii anaweza kutengua kuzidisha huko kwa hatua moja ya hesabu.

Kuzidisha peke yake kuna upungufu. Biti za chini za jibu hutegemea biti za chini za namba ya awali tu. Biti za juu haziwezi kuziathiri. Wabunifu waliongeza basi kiungo cha pili. Namba husogezwa kulia kwa hatua kadhaa, kisha nakala iliyosogezwa hulinganishwa na namba yenyewe biti kwa biti: zikitofautiana huandikwa 1, zikifanana huandikwa 0. Mfano wa biti nane unatosha. Namba 10110010 ikisogezwa hatua nne kulia huwa 00001011, na ulinganisho wa namba hizo mbili hutoa 10111001.

Kiungo hiki nacho hurejesheka. Biti nne za juu za jibu, 1011, hazikuguswa, kwa sababu zililinganishwa na sufuri tupu. Tukizishusha na kuzilinganisha na biti nne za chini za jibu, 1001, tunapata 0010, na namba nzima ya 10110010 imerudi. Namba ikiwa imesogezwa hatua chache kuliko nusu ya upana wake, kazi hufanywa kwa awamu: biti zilizokwisha kupatikana hutumika kuzifungua zinazofuata.

5.0 Urejeshaji kama Kipimo cha Ubora

Viungo hivi viwili, kuzidisha kwa witiri na kulinganisha na nakala iliyosogezwa, viliungana na dhana iliyotoka katika nyanja jirani ya usimbaji fiche. Horst Feistel, mzaliwa mwingine wa Ujerumani aliyefanya kazi IBM, alieleza mwaka 1973 kwamba katika mfumo mzuri badiliko dogo la mwanzo hukua kadiri hatua zinavyoendelea, mfano wa poromoko la mlimani. Kipimo cha poromoko kilikuja kuwa hiki: ikibadilishwa biti moja ya namba inayoingia, kila biti ya namba inayotoka iwe na uwezekano wa nusu wa kubadilika.

Mifumo ya Feistel hurejesheka kwa asili yake, kwani ujumbe uliosimbwa lazima uweze kusomwa na aliyekusudiwa. Hata hivyo hakuna aliyeiita dhaifu kwa sababu hiyo. Usiri wake umo katika ufunguo. Auguste Kerckhoffs alikwisha kuandika mwaka 1883 kwamba mfumo unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, alimradi ufunguo haumo. Kanuni ya heshi ya namba kamili iliazima poromoko kutoka katika usimbaji fiche. Haikuazima ufunguo.

Mwaka 1997 Bob Jenkins alichapisha katika jarida la Dr. Dobb's Journal makala iliyoathiri kizazi kizima cha watayarishaji programu. Jenkins alisisitiza kwamba hatua za kuchanganya zirejesheke, na sababu yake ilikuwa ya kivitendo: hatua isiyorejesheka huzifanya namba mbili tofauti kuwa moja kabla kazi haijaisha, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuzitenganisha. Hesabu iliyotengwa na mgongano wa aina hiyo ni hesabu isiyopoteza. Mwaka 2008 Austin Appleby alitoa kanuni ya MurmurHash. Sehemu ya mwisho ya toleo lake la tatu kwa biti 32 ni mfano safi wa mtazamo huo: linganisha na nakala iliyosogezwa hatua 16, zidisha kwa 2,246,822,507, linganisha kwa hatua 13, zidisha kwa 3,266,489,909, linganisha tena kwa hatua 16. Vizidisho vyote viwili ni witiri. Namba zote 4,294,967,296 huingia, na zote hutoka, kila moja mara moja tu, zikiwa zimebadilishana nafasi.

Mwaka 2014 Guy Steele, Doug Lea na Christine Flood waliitumia sifa hiyo katika kuzalisha namba za bahati nasibu. Mfumo wao, SplitMix, ni kaunta inayoongezeka kwa kiasi kisichobadilika, na kila thamani ya kaunta hupitishwa katika mchanganyo unaorejesheka. Kwa kuwa hakuna kinachopotea, mfumo wa biti 64 hautoi namba moja mara mbili mpaka utakapokuwa umezimaliza zote. Kwa sababu hiyohiyo, aliyeona tokeo moja na kukijua kiasi cha ongezeko anaweza kuirejesha kaunta na kutabiri yote yajayo. Manufaa na udhaifu vimetoka katika mzizi mmoja.

6.0 Urejeshaji Mikononi mwa Mshambuliaji

Maadamu namba zilitoka kwa watumiaji wasio na nia mbaya, udhaifu huo ulikuwa wa kinadharia. Intaneti iliyabadilisha mazingira hayo. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha kwamba mtu wa mbali anaweza kuchagua data kwa makusudi ili zote ziangukie droo moja. Kila kitu kipya hulazimika kulinganishwa na vyote vilivyotangulia. Kwa vitu 10,000, ulinganisho hufikia 49,995,000, mahali ambapo kwa kawaida makumi machache ya maelfu yangetosha. Kompyuta hushindwa kazi bila kuvunjwa.

Hapa ndipo urejeshaji unapogeuka silaha. Mshambuliaji hana haja ya kujaribu namba kwa kubahatisha. Huandika kwanza matokeo anayoyataka, yote yakiwa na biti zilezile za anwani, kisha huiendesha kanuni kinyumenyume na kuzipata namba za kuingiza. Kwa kanuni isiyopoteza, kila tokeo alilolichagua lina chanzo chake kwa uhakika.

Onyo la mwaka 2003 halikuitikiwa na wote. Desemba 2011, katika kongamano lililofanyika Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba lugha na mifumo kadhaa inayoendesha tovuti, ikiwemo PHP, Java na ASP.NET, ilikuwa bado wazi kwa shambulio hilo. Baadhi ya watengenezaji walitia mbegu ya siri mwanzoni mwa kanuni zilizokuwepo. Mwaka 2012 Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walibainisha kwamba hilo halikutosha: katika MurmurHash, hatua zinazorejesheka zilimwezesha mshambuliaji kutayarisha tofauti zinazofutana, na mgongano ukatokea kwa mbegu yoyote ile. Pendekezo lao, SipHash, lilijengwa tangu msingi juu ya ufunguo wa biti 128. Kwa namna hiyo, baada ya takriban miaka arobaini, jedwali la heshi lilikichukua kile ambacho halikukiazima kwa Feistel.

7.0 Namba Chache, Siri Fupi

Yapo matawi mengine ya heshi yaliyokusudiwa kutorejesheka. Ronald Rivest alichapisha kanuni ya MD5 mwaka 1992 kwa ajili ya kuhakiki ujumbe wa urefu wowote, na muundo wake hauna hatua ya kinyume kama zile tulizoziona. Kwa bahati mbaya, matawi yote mawili yanaitwa kwa jina moja, na jina hilo limebeba sifa za tawi moja hadi kwenye lingine.

Kisa cha New York cha mwaka 2014 kinaonyesha gharama yake. Mamlaka za jiji zilitoa, kwa mtu aliyeomba chini ya sheria ya uhuru wa habari, taarifa za takriban safari milioni 173 za teksi za mwaka 2013. Ili kuwalinda madereva, namba za leseni na za magari zilipitishwa katika MD5. Kanuni yenyewe haikurejeshwa, na haikuhitaji kurejeshwa. Namba za leseni na za magari zilifuata mifumo michache inayojulikana, kwa hiyo mhandisi mmoja wa programu alizikokotoa zote zinazowezekana, akaandaa orodha ya matokeo, kisha akasoma orodha hiyo kinyume. Kazi ilichukua saa chache tu. Mienendo ya kazi ya madereva ikawa wazi kwa yeyote aliyejali kuitazama.

Tunajifunza kwamba namba kamili ina udhaifu ambao hakuna ustadi wa kuchanganya unaoweza kuuondoa, nao ni uchache wa idadi. Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa namba ya simu imekuwa akaunti ya fedha ya mamilioni ya watu. Nchini Tanzania namba ya simu ya mkononi ina tarakimu tisa baada ya 255, na ya kwanza kati ya hizo ni 6 au 7. Kwa hiyo namba zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta inayokokotoa milioni moja kwa sekunde huzimaliza zote kwa sekunde 200, muda usiofika dakika nne. Taasisi inayotoa orodha ya wateja wake ikiwa imezipitisha namba za simu katika kanuni ya heshi isiyo na ufunguo, na kuamini kwamba imewaficha, haijawaficha.

8.0 Hitimisho

Historia hii imepitia hatua tatu. Kizazi cha Luhn na Dumey kilipoteza taarifa bila kujali, kwa kuwa lengo lake lilikuwa anwani. Kizazi cha Knuth, Jenkins na Appleby kilijifunza kutopoteza, na kikaufanya urejeshaji kuwa kipimo cha ubora. Kizazi kilichofuata kiligundua kwamba kanuni isiyopoteza humhifadhia mshambuliaji taarifa zilezile inazomhifadhia mwenye nazo. Katika hatua zote tatu hisabati haikumdanganya mtu. Kuzidisha kwa witiri kulikuwa kunarejesheka mwaka 1973 kama kunavyorejesheka leo. Kilichopotosha ni matumizi ya jina moja kwa kazi mbili.

Kiswahili kinaingia katika mjadala huu wakati mwafaka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na lugha ya kuzifafanua kwa wananchi bado inajengwa. Makala hii inapendekeza kwamba waandishi wa istilahi wazitenganishe kazi hizi tangu mwanzo. Kanuni inayosambaza namba bila ufunguo iitwe kuchanganya. Neno kuficha libaki kwa mfumo ambao mtu mwingine, hata akiujua wote, hawezi kuufungua bila ufunguo. Mwananchi anayeambiwa kwamba namba yake imechanganywa atauliza kama inaweza kupanguliwa. Anayeambiwa kwamba imefichwa hatauliza, na historia imeonyesha kwamba swali hilo ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza.